Chupa ya Wiski kwenye Matanga ya Baba

Kuna watu kule Masaka ya Rwanda ambao mpaka leo nikishuka kwenye pikipiki karibu na nyumba zao wanajifanya wanaangalia migomba, na siwalaumu, maana aibu niliyojiletea siku ya kuondoa matanga ya baba yangu (huku tunasema gukura ikiriyo, ile siku ndugu na majirani wanakusanyika kunywa na kuagana na msiba) haikuishia kwangu. Ingeishia kwangu ningeshukuru Mungu. Iliwachoma watu ambao hawakunikosea kitu. Mmekuwa mkiniuliza kwa nini siku hizi nikiitwa kusema neno kwenye shughuli nakimbilia chooni, mimi Evarist niliyekuwa napenda maikrofoni kuliko ubwabwa. Haya, sababu ni hii, na nikifika katikati nikanyamaza msinihimize.

Kazi yangu mnaijua, nauza vinywaji vikali kwenye duka moja mjini, karibu na njia panda ya Sonatubes. Nilikuwa muuzaji wa kawaida kabisa, wa kushusha chupa kwenye rafu na kuifuta vumbi, mpaka bosi alipotuletea mama mmoja kutoka Ayalandi atufundishe habari za wiski ya kwao, na huyo mama, Mungu ambariki, ndiye aliyeniharibu. Alitueleza kwamba wiski yao ya kuchanganya ni ndoa ya pombe mbili, moja nyepesi ya mahindi au ngano, nyingine nzito ya shayiri iliyochemshwa kwenye mitungi mikubwa ya shaba, mara nyingi inachemshwa mara tatu, ndiyo maana inateremka kooni bila kukwaruza. Lakini ikitoka kwenye shaba, alisema, ni nyeupe kama maji. Kinachoipa rangi na utamu ni pipa. Inalazwa kwenye pipa la mti wa mwaloni miaka isiyopungua mitatu, na pipa lenyewe mara nyingi si jipya, ni la mtumba kama shati: hili lilikuwa na wiski ya Kimarekani na limeunguzwa moto kwa ndani, linatoa harufu ya vanila na sukari iliyoungua, lile lilikuwa na mvinyo mtamu wa Kihispania, linatoa zabibu kavu na karanga. Joto likija pombe inazama ndani ya mbao, baridi ikija inarudi, inazama inarudi, miaka yote hiyo, na kila ikirudi inakuja na kitu cha ule mti. (Alituonjesha pombe ambayo haijaona pipa, kisha iliyolala ndani ya pipa, na nawaambia nilikaribia kulia.) Na kila mwaka kiasi fulani kinapotea hewani, na wao wanasema hilo ni fungu la malaika.

Tangu siku ile sikufunga mdomo. Nilimweleza bosi, nilimweleza mke wa bosi, nilimweleza mwendesha pikipiki tukiwa tumesimama kwenye taa za Sonatubes mpaka taa ikawaka kijani na wenye magari wakaanza kutupigia honi. Wateja wakaanza kuniita profesa, na mimi, mtu mzima, nikawa naitika.

Basi nilipopandishwa cheo nikamletea baba chupa ya wiski hiyo. Baba, Mzee Damasi, alikuwa dereva wa lori aliyestaafu, mtu aliyelelewa Karagwe (tulirudi Rwanda mimi nikiwa mdogo, ndiyo maana Kiswahili hakijawahi kutoka nyumbani kwetu), mtu wa hadithi, mtu wa watu, na mtu wa kunywa. Urwagwa (pombe yetu ya ndizi), bia, alichopewa. Tuliifungua siku hiyo hiyo, kila aliyekuwepo akapata tone lake, nami nikahutubia habari za mapipa, kisha baba akafunga kizibo akasema, "Hii si ya kumaliza leo. Tuiache izeeke."

Nikamsahihisha mbele ya wageni (ndivyo nilivyokuwa). "Baba, kwenye chupa haizeeki. Inazeeka ndani ya pipa tu. Ikishaingia kwenye kioo imesimama hapo ilipo."

Akanitazama kidogo. "Basi isimame hapo mpaka uoe," akasema, watu wakacheka, naye akaiweka kwenye kabati la vioo pale sebuleni, wiski ikiwa imefika kwenye mabega ya chupa.

Haikupita muda ini likamlaza hospitali. Daktari alimwambia wazi, mbele yetu wote, kwamba ini lililobaki linatosha kuishi lakini halitoshi kunywa. Aliporudi nyumbani, jumuiya yetu ya kanisani ikaja kusali naye, na baada ya sala baba akasimama akiwa ameshika ukuta, akasema ameacha. Kisha akaonyesha kabati. "Ile pale. Sitaitoa, sitaificha. Nitaiangalia kila siku na haitanishinda."

Watu walipiga makofi mpaka mama akajifuta macho. Jirani yetu Anastazi, fundi wa kujenga, mtu aliyekuwa akinywa mpaka analala juu ya mchanga wa watu, akasema hapo hapo kwamba kama Mzee Damasi anaweza kuishi na adui yake ndani ya nyumba moja basi naye anaacha. Na kweli aliacha. Akaanza kujenga nyumba yake mwenyewe. Katekista akawa anaisimulia habari ya ile chupa kwenye mafundisho, na wageni waliofika kwetu walikuwa wanasalimia, wanakaa, halafu jicho linakwenda kabatini. Hata mimi. Kila Jumapili nilipofika kutoka mjini niliangalia kabatini, wiski iko pale pale mabegani, nikajisikia mtoto wa shujaa.

Lakini baba hakupona. Macho yakawa ya njano, tumbo likajaa maji, miguu ikavimba, na sisi tukaambizana kwamba ini lilikuwa limekwishaharibika zamani, kuacha kulikuja kumechelewa. Watu wakiuliza tulisema presha, wasije wakadhani amerudia pombe. Mama hakuweza kumnyanyua peke yake usiku, kwa hiyo Kalisa, mume wa dada yangu Odeta, alikuwa anatoka kwao Rebero anakuja kulala kwenye kochi letu la sebuleni ili awe karibu na mlango wa mzee. Mimi nilikuwa na kazi. (Hapo naomba mnisamehe, nitarudi hapo.) Baba akafa, tukamzika, na baada ya siku za kukaa msibani ikafika hiyo Jumapili ya kuondoa matanga.

Walikuja watu wengi. Hema lilifungwa uani, viti vya kukodi, kreti za bia na fanta, urwagwa kwenye madumu. Ndugu wa Karagwe walikuwa wamevuka mpaka, kwa hiyo maneno yalikuwa mchanganyiko, Kinyarwanda kikichoka kinakuja Kiswahili. Mbele walikaa wazee, na katikati yao mgeni tuliyemheshimu kuliko wote, mzee Gatera, baba yake Kalisa, mtu mkimya aliyekulia Uganda, mwenye fimbo na koti hata kuwe na jua la namna gani. Baba mdogo Felisi ndiye aliyekuwa msemaji wa familia. Alifanya kazi yake vizuri, kisha akanipa maikrofoni kama mtoto wa kwanza wa kiume. Nilitakiwa niseme asanteni kwa kufika, Mungu awarudishe salama, nikae. Hivyo tu.

Nikashika maikrofoni, nikageuka, na kupitia mlango wa sebuleni nikaiona ile chupa.

Ndiyo hapo. Nimewahi kufikiri kwamba kama mlango ule ungekuwa umefungwa ningekuwa na shemeji mpaka leo. Nilisema, "Subirini kidogo," nikaingia ndani, nikafungua kabati. Mama alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake, na aliponiona natoka na chupa aliinua mkono. "Evarist," akasema, si kwa sauti kubwa, "iache hiyo." Nikadhani ni huzuni. Nikampa ishara ya kumtuliza, kama mtu anayejua anachofanya.

Halafu nikahutubia. Jamani, nilihutubia! Nikaanza na shayiri, nikaja kwenye shaba, nikaingia kwenye pipa, nikawaeleza wazee wa Masaka na wazee wa Karagwe jinsi pombe inavyolala gizani miaka na miaka ikichota utamu wa mti, nikasema mtu naye ni hivyo, baba yetu alilazwa kwenye shida na akatoka mtamu. (Mtu mmoja alisema "amina".) Nikawaambia habari ya fungu la malaika, nikasema leo Mzee Damasi yuko huko wanakopokea fungu hilo, na hapo wanawake wakaanza kulia. Nikainua chupa juu, jua likapita ndani yake, rangi nzuri ya asali. "Tazameni ilipofika!" nikasema. "Iko pale pale alipoiacha. Baba yangu aliishi na kitu hiki na hakikumshinda!" Makofi. Anastazi, aliyekuwa amekaa kwenye kona ya hema na fanta yake mkononi, alitoa kitambaa akajifuta uso.

Nikawamiminia wazee kwenye vibilauri, kidogo kidogo, na mimi mwenyewe sikuonja kwa sababu adabu ni wazee kwanza, na sikunusa kwa sababu pua ilikuwa imeziba kwa kilio cha siku zote zile. Mimi, ninayewagombeza wateja kwamba wiski inanuswa kwanza.

Baba mdogo Felisi akapiga funda. "Laini kweli kweli," akasema.

"Mara tatu, baba mdogo! Imechemshwa mara tatu!"

"Haina hata moto," akasema mzee mmoja wa Karagwe, akishangaa.

"Ndiyo sifa ya Waayalandi hiyo!"

"Ila ina ukakasi," akasema mwingine, akilamba meno.

"Huo ndio mti, mzee wangu. Huo ni mwaloni unauonja."

"Na kauchachu kwa mbali."

"Pipa la mvinyo!" nikasema kwenye maikrofoni, na furaha niliyokuwa nayo wakati huo, mbele ya watu wote wale, sijawahi kuipata tena.

Mzee Gatera alikuwa amepiga funda moja. Akapiga la pili. Kisha akainama akaweka bilauri chini kwenye nyasi, taratibu, kama mtu anayeweka yai, akaniambia kwa kile Kiswahili chake cha Kampala alichokuwa anakitumia ili ndugu wa Karagwe wamwelewe:

"Mutoto yangu. Mimi nimekunywa wiski siku mingi. Hii kitu haiko wiski. Hii iko chai."

Nilikuwa bado nimeshika maikrofoni karibu na mdomo, kwa hiyo kila mtu alisikia pumzi yangu. Nikachukua chupa nikainywa hivyo hivyo. Ilikuwa chai. Chai ya rangi, baridi, haina sukari, na imeanza kuchacha.

Huko nyuma vijana wakaanza kucheka wakijiziba midomo kwa mkono, na kicheko kikaja mbele, baba mdogo Felisi naye akaanza kutikisika mabega. Hapo ndipo ningecheka nao. Nawaambieni ukweli, ningecheka tu, ningesema baba ametuchezea, tungekunywa bia zetu na habari ingeisha na kila mtu angejiwazia la kwake kimya kimya. Lakini mimi nilikuwa profesa. Nilikuwa nimesimama pale nikiwaeleza watu ladha ya mwaloni ndani ya majani ya chai, na damu ikanipanda kichwani, nikatafuta mtu.

"Sawa," nikasema, bado kwenye maikrofoni. "Sasa tuambiane. Ni nani aliyekuwa analala sebuleni?"

Kicheko kikakatika. Vichwa vikageuka kwa Kalisa. Kila mtu alijua kwamba Kalisa akipata bia mbili hakatai ya tatu. Alikuwa amekaa nyuma ya baba yake, na Odeta pembeni yake, akaniangalia.

"Shemeji," nikasema, "nakuuliza wewe. Baba yupo kitandani anakufa, na wewe unamnywea wiski yake na kujaza chai ili tusijue?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Akaangalia chini. Mimi nikaona hiyo ndiyo kukiri. "Mnamwona?" nikasema. "Hana la kusema!"

Mzee Gatera akasimama. Ilimchukua muda kusimama kwa sababu ya magoti, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. "Unasema mutoto yangu iko mwizi," akasema. "Mbere ya watu. Kwa kiriyo ya baba yako." Kisha akamgeukia mwanawe, akamwambia kwa Kinyarwanda waondoke, na Kalisa akasimama bila kubishana, akachukua kofia yake.

"Kalisa, kaa."

Alikuwa mama. Alikuwa amesimama katikati ya mkeka, kitenge kimemteleza begani, na hakuwa na maikrofoni wala hakuihitaji.

"Kalisa hajagusa kitu," akasema. "Aliyekunywa ni mwenye chupa. Na chai nilipika mimi."

Hata wale watoto waliokuwa wanakimbizana nyuma ya jiko walitulia. Mama akarudisha kitenge begani, akakaa. Na mimi nikiwa pale mbele nikaanza kuona jinsi habari ile ilivyokuwa inapita kwenye nyuso za watu, moja baada ya nyingine: kwamba mzee aliyepigiwa makofi alikuwa anakunywa, kwamba presha haikuwa presha, kwamba tulichokuwa tunakiangalia kabatini miezi yote ile na kukisifu kilikuwa chai ya birika la mama. Katekista alikuwa anakodolea viatu vyake macho. Anastazi aliweka fanta chini ya kiti, akanyanyuka, akatoka, na hakupitia getini, alikata katikati ya migomba kama mtu anayetaka kufika kwao bila kuonana na mtu.

Baba mdogo Felisi akanichukulia maikrofoni mkononi, maana mimi nilikuwa nimesahau kwamba ninayo, akamwomba katekista afunge kwa sala, naye akasali sala fupi kuliko zote alizowahi kusali. Wageni wa Rebero wakaondoka bila kula. Odeta alinipita akiwa amebeba mkoba wa mama mkwe wake, akasimama mara moja tu.

"Kalisa alikuwa anamwogesha baba," akasema. "Anamgeuza, anamwogesha. Wewe ulikuwa wapi?"

Akaenda. Na hapo ndipo niliposema nitarudi; sina la kuongeza.

Jioni ile watu walipokwisha kuondoka nilimkuta mama uani anaosha vile vibilauri. Nikachuchumaa pembeni yake nikaanza kuvisuuza. Kisha nikamuuliza ilianza lini.

"Mapema," akasema. "Wiki ile ile aliyotangaza. Alikuwa anakunywa kifuniko kimoja, anasema ni cha kumlaza usingizi. Halafu siku moja akaniita, akaniambia, 'Mama Evarist, imeteremka, mtoto ataona.' Alikuwa anatetemeka."

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Nikuambie wewe?" Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayeuliza kweli. "Evarist, wewe ukifika Jumapili ulikuwa unaiangalia chupa kwanza ndipo unamwangalia baba yako. Alikuwa anaona. Alikuwa analala pale mlango wazi, anaona kabisa unavyoingia."

Akaniambia alikuwa anachemsha chai ya rangi, anaichuja kwa kitambaa, anaimimina kwa uangalifu mpaka mabegani, na baba akiwa kitandani anamwambia ongeza maji, imekoza mno, au rudisha majani, haijafika rangi yake. Wiski ilipokwisha yote baba alikuwa anatuma aletewe pombe nyingine, ya bei rahisi, kwa mtu ambaye mama hakumtaja na sikumuuliza. Chai mama alikuwa anaibadilisha kila inapoanza kuweka ukungu. "Wakati mwingine tulikuwa tunacheka," akasema. "Tulikuwa kama wezi." Wiki za mwisho hakupata nafasi ya kuibadilisha, na baada ya mazishi akasahau. Hiyo ndiyo sababu ilikuwa imechacha.

"Nilijua inamuua," akasema mama, akiwa ameshika bilauri juu kuangalia kama imetakata. "Lakini watu walikuwa wanakuja kumwona, wanamwita shujaa. Alikuwa hajawahi kuitwa hivyo. Ningemnyang'anya vipi?"

Nikaipokea ile bilauri, nikaisuuza mara ya pili.

Anastazi anakunywa tena. Nimesikia kwa watu, sikumwona kwa macho, na ile nyumba yake imekwama usawa wa madirisha.

Rebero nilikwenda baada ya muda, nilipopata ujasiri, na nilikwenda mikono mitupu kwa sababu sikujua mtu wa kazi yangu abebe nini. Mzee Gatera alinipokea uani. Aliitikia salamu, akanionyesha kibao cha kukalia chini ya ukuta, akaingia ndani, na mlango wa sebule akaufunga. Nikakaa. Kalisa akaja akasimama mbele yangu, nami nikamwomba msamaha kwa maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, ambayo yote yalinipotea isipokuwa nisamehe, shemeji.

"Nilijua," akasema.

Sikumwelewa.

"Habari ya chupa. Nililala pale, nisingejua vipi? Mzee alikuwa anatoka chumbani anashika ukuta, mpaka kabatini, baadaye akawa anaficha pombe nyingine nyuma ya redio. Alikuwa ananiambia, 'Mkwe, geukia ukutani.' Nikawa nageuka."

"Sasa mbona hukusema? Siku ile, mimi nakutukana mbele ya baba yako, mbona hukusema?"

"Watu wote wale," akasema. "Ningemsema mzee wa watu hajamaliza hata mwezi kaburini?" Akaangalia mlango uliofungwa. "Nilidhani nitanyamaza tu, wewe utachoka. Sikujua mama atasimama. Hicho ndicho kinachoniuma. Alikuwa amebeba siri vizuri mpaka hapo, wewe ukamfanya aiweke chini mbele ya watu."

Nilitamani anipige. Hakunipiga. Alinisindikiza mpaka barabarani, akasimamisha pikipiki, akaelewana na dereva kwa niaba yangu. Nilipokuwa navaa kofia akasema, "Mwambie mama nitakuja kumwona Jumapili."

"Nami Jumapili nitakuwepo," nikasema, na nikawa na tumaini, nawaambia ukweli, nikawa na tumaini kama mtoto.

"Basi nitakuja Jumamosi," akasema.

Tukateremka Rebero na upepo unanipiga usoni, na hapo juu ya pikipiki ndipo nilipoapa kwamba sitashika tena maikrofoni kwenye shughuli ya mtu, iwe harusi iwe msiba, na kwamba sitamnyooshea mtu kidole mbele ya watu hata nikimkuta na mkono wake ndani ya mfuko wangu. Kiapo hicho nimekishika. Wiski bado nauza, mtu akiniuliza habari za pipa namjibu kwa kifupi. Kalisa anakwenda kwa mama Jumamosi, mimi nakwenda Jumapili.